SOMO LA WIKI: Taa mpya kwa tangi la matumbawe, piga hesabu kabla ya kununua

Mfanyabiashara wa samaki wa mapambo anapoanza kufuga matumbawe hai, swali la taa humfikia mapema. Samaki wake wanaogelea na kula vizuri chini ya tyubu mbili za kawaida, lakini matumbawe yamekaa vile vile kwa miezi kadhaa, au yamegeuka rangi ya udongo. Muuza taa anamwambia anunue taa kubwa. Mwenzake anamshauri anunue iliyo rahisi. Wote wawili hawajamwonyesha hesabu.

Somo la wiki hii linamhusu mtu huyo. Tutachukua mfano wa tangi dogo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 40. Hilo ni tangi la lita 72, na ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yanayobaki ni kiasi cha lita 60. Juu yake kuna tyubu mbili za wati 18. Mwenye tangi anataka kukuza matumbawe magumu, ayakate vipande na kuviuza. Bei zote tutakazotumia ni za mfano tu. Msomaji aweke bei zake mwenyewe. Kinachofundishwa hapa ni njia ya kupiga hesabu, kwa sababu taa ni mtaji kama mashine ya kusaga au jokofu la duka. Ukikosea kuichagua utalipa kila mwezi, na ukikosea kuiwasha unaweza kupoteza mali yote kwa wiki moja.

1. MALI ILIYOMO NDANI YA TANGI

Tumbawe ni mnyama, ingawa halitembei. Ndani ya nyama yake wanaishi viumbe wadogo wa jamii ya mwani, wasioonekana kwa macho, waitwao zooksantela. Mwani huu hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenye nyumba. Kwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi, chakula hiki kinaweza kufikia asilimia 90 ya nguvu yote inayohitajika. Kiasi kinachobaki tumbawe hujitafutia kwa kunasa vijidudu kwa minyiri yake.

Tumbawe gumu hujenga pia mifupa ya chokaa, na ujenzi huo huenda kasi zaidi kukiwa na mwanga. Vipimo vingi vimeonyesha kwamba mchana tumbawe huweka chokaa wastani wa mara tatu ya kile linachoweka usiku. Kwa hiyo anayesema kwamba mwanga ndio mtaji wa matumbawe hakosei.

Lakini mtaji huu una ngazi tatu, kama mtaji wa biashara yoyote.

Ngazi ya kwanza ni ile ambayo mwanga hautoshi kulipa gharama za kuishi. Tumbawe linakula akiba yake. Mara nyingi hugeuka hudhurungi kwa sababu mwani wake huongeza rangi ili kukusanya mwanga kidogo uliopo. Likikaa hivyo muda mrefu linakonda na kufa.

Ngazi ya pili ni ile ambayo kila nyongeza ya mwanga inaleta nyongeza ya chakula. Hapa ndipo fedha ya taa inapozaa.

Ngazi ya tatu ni ile ambayo mwani umeshiba. Ukiongeza mwanga, chakula hakiongezeki. Ukizidi kuongeza, mitambo ya mwani inaanza kuharibika na kutoa aina ya oksijeni yenye sumu. Tumbawe hulazimika kuufukuza mwani huo na kubaki jeupe. Huko ndiko kupauka. Mfanyabiashara wa ngazi hii analipa umeme ili aharibu mali yake.

2. MWANGA UNAPIMWAJE?

Wengi hununua taa kwa wati. Wati hupima umeme unaoulipia, haikuambii mwanga kiasi gani umelifikia tumbawe. Wengine huangalia lumeni au laksi, lakini vipimo hivyo vimewekwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo huona zaidi rangi ya kijani.

Kipimo kinachofaa huitwa PAR. Kinahesabu mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanometa 400 na 700, yaani ule ambao mimea na mwani wanautumia kutengeneza chakula. Huandikwa kwa maikromoli kwa mita mraba kwa sekunde, lakini hapa tutasema PAR 100, PAR 200 na kuendelea. Jua la saa sita mchana katika nchi za joto, juu ya maji, hufikia PAR 2,000 hivi.

Tangi halihitaji kiasi hicho. Kwa uzoefu wa wafugaji wengi, viwango vya kuanzia ni hivi:

Matumbawe laini: PAR 50 hadi 100.
Matumbawe magumu yenye polipu kubwa, kama Euphyllia: PAR 80 hadi 150.
Matumbawe magumu yenye polipu ndogo, kama Acropora na Montipora: PAR 200 hadi 350.

Jambo la pili ni rangi. Maji ya bahari hunyonya mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo, na mwanga wa buluu hufika mbali zaidi. Mwani wa matumbawe umezoea hali hiyo, na hutumia vizuri sana mwanga wa buluu, hasa kati ya nanometa 420 na 480. Ndiyo sababu taa za matangi ya baharini huonekana za buluu. Taa ya sebuleni yenye rangi ya manjano inaweza kuwa na wati nyingi na bado isiwafae wanyama hawa.

Jambo la tatu ni saa. Tumbawe linakula jumla ya mwanga wa siku nzima. PAR 200 kwa saa 10 ni moli 7.2 kwa mita mraba kwa siku. Saa 8 hadi 10 za mwanga mkali zinatosha. Baada ya hapo giza liwe giza kweli, kwa kuwa usiku nao una kazi yake. Nunua swichi ya saa inayowasha na kuzima yenyewe; usitegemee kumbukumbu ya kijana wa dukani.

Mashine ya kupimia PAR ni ghali kwa mtu mmoja, na inaweza kuzidi bei ya taa yenyewe. Wafugaji watano wakichanga wakanunua moja, mzigo unakuwa mwepesi. Kipimo cha laksi ni rahisi zaidi, na kinafaa kwa kazi moja: kulinganisha taa ile ile leo na miezi sita baadaye. Usikitumie kulinganisha taa mbili zenye rangi tofauti, maana kitakudanganya.

3. KUSANYA KWANZA MWANGA UNAOUMILIKI

Mfanyabiashara mwenye busara hukusanya madeni kabla ya kwenda kukopa. Vivyo hivyo kwa mwanga. Kabla ya kutoa fedha ya taa mpya, angalia mambo manne.

Kwanza, kioo cha kufunikia tangi. Matone ya maji ya chumvi yanapokauka huacha utando mweupe unaozuia mwanga mwingi. Kioo hicho kifutwe kila wiki kwa maji baridi.

Pili, umri wa tyubu. Tyubu huendelea kuwaka kwa miaka, lakini mwanga wake hupungua na rangi yake hubadilika. Wafugaji wa matumbawe huzibadilisha kila baada ya miezi 9 hadi 12 hata kama bado zinawaka.

Tatu, bati la kuakisi. Tyubu humwaga mwanga pande zote, na nusu yake huelekea dari. Bati safi linalong'aa, lililokunjwa vizuri nyuma ya kila tyubu, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo ndani ya maji.

Nne, mahali tumbawe lilipo. Mwanga hupungua kadiri unavyokwenda mbali na taa. Tumbawe lililo mchangani likipandishwa juu ya jiwe, linaweza kupata mwanga zaidi bila senti kutumika.

Baada ya hatua hizi, mfugaji wa matumbawe laini anaweza kugundua kwamba hahitaji taa mpya kabisa. Huyo ameokoa mtaji wake na anaweza kuishia hapa. Anayetaka Acropora aendelee kusoma.

4. TAA TATU ZILIZOPO

Tyubu nyembamba za T5 zenye nguvu. Kwa tangi la sentimita 60 hutumika tyubu za wati 24. Nne zinatosha, na pamoja na choki zake hula kiasi cha wati 105. Sifa yake ni mwanga uliotandazwa sawasawa, hakuna pembe yenye kivuli kikali. Kasoro yake ni kununua tyubu mpya kila mwaka.

Metali halaidi. Hii ni taa ya balbu moja kali, yenye mng'ao unaocheza majini kama jua. Ya wati 150, pamoja na choki yake, hula kiasi cha wati 175. Hutoa joto jingi, na katika tangi dogo maji hupanda joto upesi. Mahali kama Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba kina joto tayari, mwenye taa hii atalazimika kuweka feni ya kupuliza juu ya maji, na kila siku kuongeza maji baridi yasiyo na chumvi kufidia yanayokauka.

LED. Taa hizi ziliwezekana kwa matangi ya matumbawe baada ya kupatikana LED kali ya buluu, ambayo Shuji Nakamura aliionyesha nchini Japani mwaka 1993. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi ya LED ya buluu. Taa ya wati 60 iliyotengenezwa kwa matumbawe inatosha tangi letu. Mwanga wake unaweza kupunguzwa na kuongezwa, na watengenezaji wengi hutaja maisha ya saa 50,000. Tahadhari ni kwamba maisha hayo ni ya vidonge vya LED. Adapta na feni ndogo ya kupoza huharibika mapema zaidi, hasa penye hewa ya chumvi na umeme unaopanda na kushuka.

Kuna habari ya soko ambayo mnunuzi wa tyubu lazima aijue. Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa tyubu mpya za kawaida za T5 na T8 mwezi Agosti 2023, kwa sababu ya zebaki iliyomo ndani yake. Mwaka huo huo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba tyubu za matumizi ya kawaida zisitishwe kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi na nchi ifikapo 2027. Tyubu maalumu za matangi ni sehemu ndogo sana ya biashara hiyo. Viwanda vinapofunga mashine za tyubu za kawaida, ni busara kutarajia kwamba hizi maalumu zitakuwa adimu na bei yake itapanda. Anayenunua fremu ya T5 leo ajiulize tyubu za mwaka wa tatu atazipata wapi.

5. HESABU YA MIAKA MITATU

Sasa tuweke kalamu kwenye karatasi. Tuchukue saa 10 kwa siku, siku 30 kwa mwezi, na umeme kwa Sh. 350 kwa uniti. Msomaji aangalie risiti yake ya LUKU aone yeye analipa ngapi.

Umeme kwa mwezi:
T5, wati 105: uniti 31.5, yaani Sh. 11,025.
Metali halaidi, wati 175: uniti 52.5, yaani Sh. 18,375.
LED, wati 60: uniti 18, yaani Sh. 6,300.

Tuseme bei za kufikisha mzigo dukani ni hizi: fremu ya T5 pamoja na tyubu za kwanza Sh. 450,000, na seti ya tyubu nne kila mwaka Sh. 160,000. Metali halaidi Sh. 400,000, na balbu kila mwaka Sh. 120,000. LED Sh. 700,000, bila balbu za kubadilisha.

Jumla ya miaka mitatu, tukihesabu ubadilishaji wa balbu au tyubu mara mbili:

T5: kununua 450,000, tyubu 320,000, umeme 396,900. Jumla Sh. 1,166,900.
Metali halaidi: kununua 400,000, balbu 240,000, umeme 661,500. Jumla Sh. 1,301,500.
LED: kununua 700,000, umeme 226,800. Jumla Sh. 926,800.

Taa iliyokuwa na bei ndogo kuliko zote dukani imekuwa ghali kuliko zote ndani ya miaka mitatu, na hapo hatujaweka feni wala maji ya kuongeza. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa usemi huo umekuja na tarakimu zake.

Lakini tusikimbilie kushangilia LED. Hesabu yake inasimama juu ya nguzo moja: kwamba taa itadumu miaka mitatu. Tuseme imeungua mwaka wa pili, muuzaji hana dhamana, na unalazimika kununua nyingine. Jumla inakuwa Sh. 1,626,800, na sasa ndiyo ghali kuliko zote tatu. Kwa hiyo anayenunua LED ananunua dhamana pamoja na taa. Aulize maswali haya kabla ya kutoa fedha: Dhamana ni ya muda gani, na nani ataitimiza hapa nchini? Adapta inauzwa peke yake? Feni inaweza kubadilishwa na fundi wa kawaida? Muuzaji anaweza kuonyesha vipimo vya PAR, au anataja wati tu?

Aongeze pia kifaa cha kudhibiti umeme, ile stabilaiza. Ikigharimu Sh. 80,000, jumla ya LED inakuwa Sh. 1,006,800, bado chini ya nyingine. Hiyo ni bima ya bei nafuu.

Jambo moja la usalama halina hesabu. Maji ya chumvi na umeme ni maadui. Weka swichi inayokata umeme unapovuja, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi.

6. HATARI KUBWA NI SIKU YA KWANZA

Hapa ndipo wengi wanapoteza mali. Taa mpya imefika, mwenye tangi amefurahi, anaiwasha kwa nguvu zote. Siku ya kwanza tangi linapendeza. Siku ya nne polipu hazitoki. Siku ya saba matumbawe yamekuwa meupe upande wa juu.

Bahari yetu yenyewe imeshatuonyesha jambo hili. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida wakati wa El Niño, matumbawe ya Kenya, Zanzibar na Mafia yalipauka, na mengi yalikufa. Kilichoanzisha maafa yale kilikuwa joto, lakini mwanga mkali wa jua juu ya mwani ulioelemewa na joto huongeza madhara. Katika tangi dogo, taa inayoongeza mwanga na joto kwa pamoja inaleta maafa ya namna ile ile ndani ya kioo.

Tumbawe lililozoea mwanga kidogo lina mwani uliojipanga kwa mwanga kidogo. Linahitaji wiki kadhaa kujipanga upya. Utaratibu ni huu.

Tuseme chini ya tyubu za zamani tumbawe lilikuwa linapata PAR 60, na taa mpya ikiwashwa yote inatoa PAR 240 mahali pale pale. Anza na robo ya nguvu, asilimia 25, ambayo ni karibu na PAR 60 ile ile. Kisha ongeza asilimia 10 kila wiki. Baada ya wiki 6 utakuwa asilimia 85, yaani kiasi cha PAR 204. Kwa Acropora ya kuanzia hapo panatosha. Hakuna sababu ya kufika 100 kwa kuwa tu umeilipia.

Taa isiyoweza kupunguzwa, kama T5 na metali halaidi, itundikwe juu zaidi na iwashwe saa chache mwanzoni. Njia nyingine ni kutandaza tabaka nne au tano za wavu wa mbu wa dirishani juu ya tangi, na kuondoa tabaka moja kila baada ya siku tano au zaidi. Hakikisha wavu haugusi balbu.

Ukiona tumbawe linapauka au polipu zinajificha, rudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita ukae hapo. Anayekimbilia kuokoa wiki sita anaweza kupoteza miezi sita.

7. MWANGA UKIPANDA, MATUMIZI NAYO HUPANDA

Kiwanda kikifungiwa mashine ya kasi, malighafi nayo huisha kwa kasi. Tumbawe linalokua hunyonya kalsiamu na alkali kutoka kwenye maji. Wengi hununua taa wakasahau malighafi, halafu wanailaumu taa.

Viwango vya kulinda ni kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkali digrii 8 hadi 9 za kipimo cha KH, magnesiamu miligramu 1,250 hadi 1,350 kwa lita, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, na joto la sentigredi 25 hadi 26. Zaidi ya namba yenyewe, kinachotakiwa ni utulivu. Alkali inayopanda na kushuka kila siku huumiza kuliko ile iliyo chini kidogo lakini imetulia.

Pima alkali kila siku kwa saa ile ile katika wiki mbili za kwanza za taa mpya. Tuseme imeshuka kwa digrii 1 kwa siku. Kila digrii 1 huhitaji miligramu 30 hivi za bikaboneti ya soda, ile ya kuokea mikate, kwa kila lita. Kwa lita zetu 60 ni gramu 1.8 kwa siku, iliyoyeyushwa kwanza katika maji safi na kumiminwa polepole. Wakati huo huo kalsiamu itashuka kwa miligramu 7 hivi kwa lita, nayo irudishwe kwa kloridi ya kalsiamu, lakini si kwa kuimimina pamoja na soda, maana vikikutana vikiwa vizito huganda kuwa chokaa.

Kubadilisha asilimia 10 ya maji kwa wiki ni jambo jema, lakini hakuwezi kufidia upungufu wa digrii 7 kwa wiki. Mkondo wa maji nao uongezwe. Kwa matumbawe ya polipu ndogo, pampu zinazosukuma lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa si nyingi kwa tangi hili. Na kama maji yamejaa uchafu wa chakula, mwanga mpya utakuza mwani wa kijani kwenye kioo kabla ya kukuza tumbawe. Taa haitibu maji mabaya.

8. JE, TAA ITAJILIPA?

Wakulima wa mwani wa Zanzibar wanaijua kazi ya mbegu: unakata, unafunga kwenye kamba, unasubiri, unavuna na kubakiza mbegu ya zamu ijayo. Vipandikizi vya matumbawe ni biashara ya namna hiyo, isipokuwa subira yake ni ndefu zaidi. Acropora ya matawi ikipata mwanga na maji mazuri inaweza kuongeza sentimita 5 hadi 10 kwa mwaka. Tumbawe la mviringo kama Porites huongeza sentimita 1 hivi tu.

Tugawe gharama ya miaka mitatu kwa miezi 36. LED ni Sh. 25,744 kwa mwezi, T5 Sh. 32,414, metali halaidi Sh. 36,153. Kama kipandikizi kimoja kinauzwa Sh. 15,000, mwenye LED anahitaji kuuza viwili kwa mwezi ili taa ijilipe, na wenzake watatu. Hapo hatujaweka chumvi, chakula, pampu, kodi ya chumba wala kazi yako. Kwa tangi moja la lita 72, vipandikizi viwili kila mwezi vinawezekana baada ya mwaka wa kwanza, si kabla. Atakayekopa benki kwa riba ili anunue taa hii, akitegemea kulipa kuanzia mwezi wa tatu, atashindwa.

Swali la mwisho ndilo la kwanza kwa uzito. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na Tanzania na Kenya ni wanachama. Kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa, na kuyang'oa baharini bila ruhusa ya idara ya uvuvi ni kujitafutia kesi. Pata jibu la maandishi kutoka kwa wahusika kabla ya kununua hata swichi.

Soko la nje nalo linabadilika kwa tangazo moja. Marekani ndiyo mnunuzi mkubwa wa matumbawe hai duniani, na Indonesia imekuwa muuzaji mkubwa. Indonesia iliposimamisha usafirishaji mwaka 2018, maduka mengi ya ng'ambo yaliishiwa mzigo, na waliokuwa wanakuza vipandikizi katika matangi yao wakawa na mali ya kuuza. Biashara ilipofunguliwa tena, mkazo uliwekwa kwenye matumbawe yaliyokuzwa shambani badala ya yaliyong'olewa baharini. Mwelekeo huo unampendelea mkulima mwenye kumbukumbu za mali yake zilizoandikwa vizuri.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Taa ya wati 100 inawashwa saa 9 kwa siku. Kwa Sh. 350 kwa uniti, umeme wa siku 30 ni kiasi gani?

(b) Tumbawe lilizoea PAR 80. Taa mpya ikiwashwa yote inatoa PAR 320 mahali hapo. Utaanza na asilimia ngapi?

(c) Katika maji ya lita 60, alkali imeshuka kutoka digrii 8.5 hadi 7. Soda inayohitajika ni gramu ngapi?

Majibu: (a) Uniti 27, Sh. 9,450. (b) Asilimia 25. (c) Gramu 2.7. Ukizimimina zote kwa mkupuo utaumiza matumbawe, kwa hiyo zigawe kwa siku mbili, juu ya kiasi chako cha kila siku.

Aliyepata yote matatu yuko tayari kwenda dukani. Abebe karatasi ya hesabu ya miaka mitatu, na amwonyeshe muuza taa kabla hajaanza kusifu bidhaa yake.